Anti, tatuu ya jina la babangu imefura na mama hajui hata kama niko nayo

Anti habari,

Tafadhali usiweke jina langu juu mamangu husoma hizi barua kwa simu kila Jumapili akitoka kanisa na akijua ni mimi hiyo siku hatutakula. Nilizaliwa 1999, tunaishi Umoja mimi na mama na kaka yangu mdogo, nilisomea mambo ya hoteli na saa hii niko kwa mkahawa mmoja tao nikitafuta kitu ya maana.

Babangu alifariki mwaka jana. Alikuwa anauza maua pale City Market, nikiwa mdogo likizo ilikuwa ni kushinda pale nikitoa miiba kwa waridi na yeye ananilipa na soda. Baada ya mazishi kila mtu alibaki na kitu yake, kaka akachukua saa, mama koti, mimi sikuchukua kitu. Halafu nikaamua nitaandika jina lake kwa mkono wa kushoto, ndani, karibu na kiganja. Jina kwa wino mweusi, chini waridi moja ndogo nyekundu na jani la kijani. Na sijutii, wacha niseme hiyo mapema.

Mchoraji ni rafiki ya rafiki yangu, anachorea kwa nyumba yake Kayole, si studio ni kiti ya saluni na ile taa ya duara. Alivaa glavu, hiyo niliangalia. Sindano sikuona akifungua, nilipata ameshaiweka kwa mashine. Katikati ya kazi simu yake ikalia akaichukua na glavu zile zile, akaongea mambo ya deni ya mtu, akarudisha simu kwa meza na akaendelea kunichora. Nilinyamaza juu alikuwa ananifanyia bei ya rafiki, elfu mbili, na pia nilikuwa nalia kidogo si ya uchungu ni ya baba.

Hiyo ni kama miezi mitano imepita. Ilipona vizuri, ikatoka maganda, ikakaa sawa. Halafu baada ya muda ile nyekundu ikaanza kuinuka. Nyekundu peke yake Anti. Herufi zimelala, jani limelala, lakini waridi imesimama ngumu, ukifunga macho ukipitisha kidole unaisikia yote, na inawasha usiku na nikitembea kwa jua. Mchoraji anasema ni kawaida nipake mafuta ya mgando. Kemisti alinipa krimu na antibayotiki nikameza zote, hakuna kitu. Na uniambie pia kama inaweza kuwa keloidi juu sikio langu la kulia nilitoboa tundu ya pili nikiwa fomu two na mpaka leo kuna donge kama punje ya mahindi.

Sasa mama. Mama ni wa kwaya na kikundi cha akina mama, kwake tatuu ni ya wafungwa na wasichana wa klabu. Krismasi binamu yangu alikuja na kipepeo kwa bega akapewa leso ajifunike kabla ya chakula, mbele ya watu wote. Kwa hivyo mimi nashinda na sweta, hata nikisonga ugali, hata hii jua. Shosho wetu wa Murang'a ana yale masikio ya zamani yaliyotobolewa yakavutwa mpaka karibu na bega na mama humpenda hivyo hivyo, lakini huwezi kumwambia mama hiyo. Juzi amenitumia kwa WhatsApp ati watafiti wa Uswidi wamesema tatuu inaleta kansa. Sikulala. Kwani ameona?

Kuna jamaa tao anauza krimu ya kutoa tatuu, anasema wiki mbili imeisha. Na kuna ejenti anasema ataniingiza intaviu ya kuhudumia ndege huko Ghuba nikilipa elfu kumi na tano, nikamwambia niko na tatuu akasema ati hiyo tutapaka poda haitaonekana. Nifanye nini na hii mkono na mama nitamwambia aje.

Msichana wa Sweta, Umoja

*

Msichana wa Sweta, pole sana kwa baba. Na mtu aliyelelewa na mikono ya kutoa miiba akiweka waridi kwa mkono wake mimi sioni ubaya, hiyo ni maoni yangu, kuna wasomaji watanikemea kwa hilo na wacha wanikemee.

Tuanze na mkono, mama atangoja kidogo.

Ile sentensi yako ya kusema ni nyekundu peke yake ndiyo habari kubwa kwa barua yote na wewe umeipita mbio ukakimbilia kansa. Maambukizi ya sindano chafu kwa kawaida hayachagui rangi, yanashika popote sindano ilipopita, na mara nyingi yanakuja siku za kwanza kwanza na joto, usaha, maumivu, pengine homa. Yako imengoja miezi, inawasha badala ya kuuma, na imesimama pale pale nyekundu ilipo. Hiyo inafanana sana na aleji ya wino, na wino mwekundu ndio unaosumbua watu kuliko rangi zingine zote. Zamani wekundu ulikuwa unatengenezwa na madini ya zebaki, siku hizi ni rangi za viwandani tofauti kabisa, na bado ngozi za watu zinazikataa. Inaweza kuchukua wiki, miezi, hata miaka kabla ngozi ikasirike, ndio maana mchoraji wako anaona si shida yake.

Na usishangae antibayotiki haikufanya kitu. Sindano ya tatuu inaacha wino ndani, kama milimita moja hadi mbili chini, kwa ile ngozi ya pili. Seli za kinga za mwili zinakuja kuumeza zikifikiri ni adui, zinashindwa kuusaga, zinabaki nao tumboni hapo hapo. Moja ikifa nyingine inameza ule ule. Hivyo ndivyo tatuu inadumu, na hivyo ndivyo aleji yake inadumu pia, juu kile kitu ngozi inakataa hakitoki. Dawa ya kuua wadudu itaua nini kama wadudu hawapo.

Lakini mimi si daktari na mkono sijauona, na kuna jambo moja linanifanya nisikwambie ukae tu. Kuna maambukizi yanayochagua rangi, pale wino wenyewe unapokuja na wadudu. Mwaka 2012 madaktari wa Rochester, jimbo la New York, waliandika habari ya watu 19 waliotoka vipele juu ya tatuu zao, vipele vimekaa pale tu palipowekwa wino wa kijivu. Wino ulikuwa umechafuka hata kabla ya kufika kwa mchoraji, inadhaniwa ni kwa maji ya kuupunguza makali, na ndani kulikuwa na bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu. Hao antibayotiki ya kawaida ya kemisti haiwawezi, inatakiwa ijulikane ni nani kwanza. Kwa hivyo daktari wa ngozi anaweza kutaka kukata kipande kidogo sana cha ngozi akipime. Mwache apime. Kama ni aleji, kuna krimu kali za steroidi anazoandika yeye mwenyewe, si zile za kuambiwa na rafiki, na kuna sindano inayochomwa pale pale kwa donge. Kuna watu huishia kukatwa ile sehemu ya rangi. Wengine wanapata nafuu kabla ya kufika huko.

Habari ya keloidi, lile kovu linaloota na kuzidi, umefanya vizuri kuuliza na sikio lako lazima ulitaje, daktari asipouliza sema wewe. Ngozi nyeusi kama zetu zinaota keloidi kwa urahisi kuliko ngozi nyeupe, hasa umri wa ujana mpaka miaka ya thelathini, na masikio, mabega na kifua ndio mahali inapenda. Tofauti yake ni kwamba keloidi haiheshimu mpaka, inavuka kidonda inaenda kwa ngozi ambayo haikuguswa, kama lile donge la sikio lako ambalo naamini ni kubwa kuliko tundu lenyewe. Waridi lako limekaa ndani ya mistari yake, kwa hivyo nadhani si keloidi. Lakini mtu aliye na keloidi moja anaishi akijua nyingine inaweza kuja ngozi yake ikikatwa au kuchomwa, na hapo ndio nataka tuongee juu ya jamaa wa tao.

Ile krimu usiinunue. Nimeshakwambia wino uko ngozi ya pili, sasa krimu ya kuutoa kwa wiki mbili itafika aje huko bila kuunguza ngozi ya kwanza? Mara nyingi zinazofanya kitu ni asidi. Utatoka na kovu la kuungua juu ya aleji, kwa mkono wa mtu wa keloidi. Hata leza ya hospitali kwa wakati huu si yako. Leza inavunja rangi vipande vidogo ili mwili uvibebe, na kwa mtu mwenye aleji kuvunja ile rangi kunaweza kusambaza aleji mwili mzima, watu wamewahi kufura na kukosa pumzi. Baadaye kabisa, ukitaka kutoa zile herufi nyeusi, ujue nyeusi ndio inatoka kwa urahisi, lakini ni mara nyingi na kukaa wiki kadhaa katikati, ni pesa, na kwa ngozi yetu inatakiwa mtu anayejua mashine ipi anatumia, ile leza ya Nd:YAG ya mawimbi ya nanomita 1064, la sivyo unabaki na madoa meupe mahali jina lilikuwa. Na usiseme basi utalificha na piko, kama wasichana wa Pwani wanavyochorwa harusini. Hina ya majani haina neno, lakini ile nyeusi tititi mara nyingi ina dawa ya nywele, kemikali ya PPD, ambayo inaunguza watu wasio na aleji yoyote, sembuse wewe.

Sasa ile simu.

Nimesoma hapo mara mbili. Glavu si ya kumkinga mchoraji peke yake. Akishika simu nayo, akishika meza, imekwisha kazi, anatakiwa aitoe avae nyingine. Na sindano inafunguliwa mbele ya macho yako, kutoka kwa pakiti iliyofungwa, na wino unamiminwa kwa vikombe vidogo vinavyotupwa baada yako. Asiyetaka kukufungulia ondoka, hata kama ni bei ya rafiki, na mimi naona bei ya rafiki ndio imeumiza wengi zaidi hapa Nairobi juu mtu anaona aibu kuuliza maswali mahali amepunguziwa. Virusi vya ukimwi ni dhaifu nje ya mwili lakini virusi vya homa ya ini B vinaweza kukaa siku 7 mahali pakavu vikiwa bado vinaambukiza, hakuna damu inayoonekana, hakuna harufu. Sisemi umeambukizwa. Nasema ukapime vitu vitatu: ukimwi, homa ya ini B na homa ya ini C. Miezi mitano ni muda wa kutosha kupata majibu ya kuaminika, ya C daktari anaweza kukwambia urudie mwezi wa sita ukifika.

Chanjo ya homa ya ini B ilianza kupewa watoto wachanga Kenya mwishoni mwa 2001, na wewe ni wa 1999, kwa hivyo huenda hujawahi kuipata. Ukipimwa ukakosa virusi, omba uchanjwe, ni sindano tatu, ya kwanza, ya pili baada ya mwezi na ya tatu ikifika miezi 6. Homa ya ini C haina chanjo lakini siku hizi ina vidonge vya wiki 8 hadi 12 na zaidi ya asilimia 95 ya watu wanapona kabisa. Hizi homa zote mbili zinaweza kukaa kimya miaka na miaka zikila ini, ndio maana kusema najisikia sawa si jibu.

Kansa ya mama ya WhatsApp haikutungwa, utafiti upo. Ni wa chuo kikuu cha Lund, Uswidi, ulitoka 2024, waliangalia watu karibu 12,000, na waliona wenye tatuu walikuwa na hatari ya limfoma, ile kansa ya seli za kinga, juu kwa asilimia 21. Lakini limfoma yenyewe ni ugonjwa wa watu wachache, kwa hivyo asilimia 21 ya kitu kidogo bado ni kidogo, na wenye tatuu kubwa hawakuonekana kuumwa zaidi ya wenye ndogo, kitu ambacho ungetarajia kama wino ndio unaua. Watafiti wenyewe walisema inahitaji kuchunguzwa zaidi. Ni kweli rangi zingine zinasafiri mpaka kwa tezi za kwapa, hilo si uvumi, na Umoja wa Ulaya tangu 2022 umeweka mipaka kwa maelfu ya kemikali za wino, kwa hivyo mtu akikwambia wino ni salama kama maji usimwamini pia. Ila usikose usingizi kwa waridi la ukubwa wa shilingi kumi. Na hapana, sidhani mama ameona. Hizo vitu mama hutuma kwa kila mtu.

Ama pengine ameona. Mama wa Nairobi anayekaa na msichana aliyevaa sweta jikoni na jua hii, akose kujiuliza? Binti yangu, wewe unafikiri unaficha tatuu na yeye huenda anawaza ni alama za sindano ya madawa au kuna mwanaume anakupiga. Sweta linamwambia mambo mabaya kuliko yaliyo chini yake.

Usiende kwake na hoja. Atakufungulia Walawi 19:28 na ule mstari umekukuta sawasawa, juu hausemi tu alama mwilini, unataja na wafu, na yako ni ya marehemu. Usimrudishie ule wa juu yake wa 27 wa kutonyoa pembe za ndevu, kila kijana Nairobi anaujua na haujawahi kumshinda mama yeyote. Na akina mama Waislamu wanaosoma hapa nao wana hadithi yao iliyo wazi zaidi, inamlaani anayechora na anayechorwa, kwa hivyo si mamako peke yake. Usimtolee pia masikio ya shosho kama silaha. Ni kweli kabisa kwamba Wakikuyu walivuta masikio, Wajaluo waking'oa meno ya chini, Wamakonde, hawa tuliowapokea kuwa kabila la 43 juzi 2017, wakichanja nyuso, na hakuna aliyeitwa mshenzi mpaka misheni na shule zilipokuja. Mamako alilelewa katikati hapo, mama mwenye masikio na mwalimu wa shule ya Jumapili akimwambia hayo ni ya giza. Ukimgusa hapo unamgusa kidonda chake, na hajakuuliza historia.

Nenda kwake na ugonjwa. Mwambie mama, mkono wangu unawasha na umefura na dawa ya kemisti imekataa, naomba unisindikize hospitali. Halafu vuta mkono wa sweta. Atapiga kelele, hilo jiandae, lakini nimeona mara nyingi, mama mkali akionyeshwa kitu kinachouma kwa mtoto wake anagombana huku anatafuta kitambulisho na pesa ya nauli. Na atalisoma jina. Hilo jina ni la bwanake, Msichana wa Sweta, ameishi nalo kabla yako, usimharakishe akilisoma, anaweza kunyamaza siku nzima na si lazima iwe ni hasira. Kama unaogopa kuwa naye peke yenu, fanyia Murang'a, shosho akiwa amekaa hapo. Shosho hahitaji kusema kitu.

Anzeni hospitali ya Mama Lucy hapo karibu na kwenu, uombe barua ya rufaa ya kliniki ya ngozi ya Kenyatta, kama mna pesa kidogo tafuteni daktari wa ngozi wa kibinafsi moja kwa moja. Ukiona mistari myekundu inapanda mkono, au homa, au usaha, usingoje barua ya mtu yeyote, nenda siku hiyo hiyo.

Ya mwisho ni ejenti. Emirates kwa mfano wameandika wazi kabisa kwamba wahudumu wa ndege hawatakiwi kuwa na tatuu inayoonekana wakiwa na sare, na kuifunika na poda au plasta hairuhusiwi. Yako iko karibu na kiganja. Huyo ejenti au hajui au anajua na anataka elfu kumi na tano yako tu, na shirika la ndege la maana halilipishi mtu intaviu, unaomba mwenyewe kwa tovuti yao bure. Muulize namba yake ya usajili wa NEA, ile mamlaka ya ajira ya serikali, uitafute kwa orodha yao. Na kwa hoteli za huko Ghuba soma masharti ya kila kazi, wengine wanakubali ikifunikwa na mkono wa shati, wengine hawataki kabisa. Hiyo elfu kumi na tano ilipe daktari wa ngozi.

Anti